Mizambarau Iliyowekwa Ndani

Ukitaka kumuudhi Bi Mwanahawa binti Omari, mwambie mche wake umesinyaa. Mwambie chai yake haina sukari, atacheka. Mwambie mumewe anakoroma mpaka majirani wanageuka upande wa pili, atakuunga mkono na kukuongezea mengine usiyoyajua. Lakini ukimgusia mche, utamwona anavyofungua kanga yake ya kiunoni na kuifunga upya, taratibu, akikutazama. Ukiwa na akili zako utakumbuka kwamba una shughuli mahali pengine.

Mtaani kwake Kanyenye, pale katikati ya mji wa Tabora, anajulikana kwa kazi mbili. Ya kwanza ni usomo. Binti akishaposwa, wazazi humkabidhi kwa Bi Mwanahawa, naye humweka ndani, humsinga kwa liwa na maji ya waridi mpaka ngozi inateleza, na humfunda mambo ya nyumba na ya mume. Mabinti waliopita mikononi mwake wametapakaa kuanzia Urambo mpaka Muscat, na wengine sasa ni bibi wa watu. Kazi ya pili ni kitalu cha miche, nyuma ya nyumba yake, kati ya kisima na ukuta wa jirani.

Wengine wangeona kazi hizi hazina undugu. Kwake ilikuwa kazi moja. Mungu alimpa wavulana watupu, sasa ni wanaume wazima huko Dar es Salaam, na wakipiga simu ujue wanataka kitu. Binti wa kumzaa hakujaaliwa. Mabinti wa wenzake anawafunda, anawapamba, anawalilia siku ya kuwatoa, kisha wanakwenda zao. Basi ule upendo uliobaki akaumwagia miche.

Na aliilea kama anavyowalea wanawali. Aliiweka ndani. Juu ya kitalu alitandaza chandarua cha kijani, na juu ya chandarua akaongeza nyasi, jua lisipate hata pa kuchungulia. Maji asubuhi, maji jioni. Shemeji yake aliye kwenye tumbaku kule Usoke alimletea mbolea ya kukuzia iliyobaki shambani, akaitia kwa mkono wa ukarimu. Majani aliyapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, moja moja, huku akiimba nyimbo za kumtoa mwali.

Mumewe, Mzee Nurdini, ni fundi cherehani. Hushona kanzu kwenye baraza la mbele, lakini masikio yake yote huwa uani.

"Mwaka jana nililala na malaria," alimwambia siku moja. "Hukunipangusa hata paji la uso."

"Wewe unazaa matunda?" Bi Mwanahawa akamuuliza.

Mzee Nurdini akarudi kwenye cherehani yake.

Matokeo ya malezi hayo yalionekana. Miche ya Bi Mwanahawa ilikuwa mirefu, minene, majani mapana yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Watu waliingia uani kununua mche mmoja wakatoka na mitatu, kwa uzuri tu. Naye alisimama pale mlangoni akipokea sifa kama mama wa bibi harusi.

Sasa, kuna barabara inayotoka mjini kuelekea upande wa Kwihara. Ni njia ya misafara ya zamani. Wapagazi walipita hapo na mizigo kichwani, wengine wakitoka ziwani, wengine wakitoka pwani, na walipita chini ya miti. Miti hiyo sasa imezeeka, mingine imeanguka, mingine iligeuka mkaa. Na njia hiyo hiyo ndiyo inayokwenda makaburini. Mtu akifariki, jamaa wanamsindikiza juani, vibibi wanaketi kwenye mawe kupumzika, na mawe yenyewe yana moto. Mama yake Bi Mwanahawa amelala huko. Kila akienda kumwombea dua hurudi na kichwa kinamgonga, naye husema, iko siku nitaipa njia hii kivuli, Mungu akipenda.

Ndiyo maana mkutano wa mtaa ulipoamua kupanda mizambarau kando ya njia ile, na watu wote wakageuka kumtazama yeye, alijiona kama amepewa nchi.

Siku ya kupanda ilikuwa sherehe. Mizambarau ilipakiwa kwenye guta, imefika mtu kiunoni, majani laini yanapepea. Majidi, mwenyekiti wa mtaa, kijana mwenye bidii na sauti kubwa, alitoa hotuba ndefu kuliko njia yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, kila mtu alipanda wake na kupiga picha. Bi Mwanahawa alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu kijana wake wa mwisho aoe.

Asubuhi yake mbuzi wa Lugembe walipita.

Lugembe ni mfugaji, anakaa pembeni ya mji, na kila siku huwapitisha mbuzi wake njia ile kwenda malishoni. Siku hiyo malishoni hawakufika. Walikula kuanzia mche wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa utaratibu, na waliacha vijiti tu. Bi Mwanahawa alipopata habari alikwenda kwa miguu, kanga mkononi, akasimama katikati ya vijiti vile. Alilia palepale barabarani, mchana kweupe, wala hakujali nani anamwona.

Alipanda tena miche ya akiba, akaizungushia miiba. Miiba ikachukuliwa na watu wa kuni, miche ikachukuliwa na mbuzi. Alimwendea Lugembe kwa hasira zake zote.

"Mwangaluka, mayo," Lugembe alimsalimu kwa Kinyamwezi, akimwita mama, kofia mkononi, kwa adabu.

"Usiniletee mwangaluka. Mbuzi wako ni wezi."

"Mbuzi wangu hawakuiba, mayo. Walidhani mmewaandalia. Mimi mwenyewe nilikuwa mbele, nageuka nyuma, wanakula kama wako harusini. Nimewatandika mpaka fimbo imekatika, hawasikii."

Bi Mwanahawa aligeuka akaondoka, na njia nzima neno lile la harusini lilimchoma.

Majidi alikuja nyumbani baada ya hapo. Aliamkia vizuri, shikamoo mama, akakaa kwenye kiti, akanywa chai yote kabla ya kusema alichokuja kusema. Bi Mwanahawa alijua kuna jambo, maana Majidi huwa hamalizi chai.

"Mama, nakuheshimu, na wewe unajua," alisema. "Lakini watu wananisema. Mvua zijazo tutapanda mara moja tu. Miche yako ikiliwa tena, kazi tutawapa wenye kitalu wa Nzega."

"Nzega?"

"Nzega, mama."

Nzega, kwenye malori na vumbi la dhahabu! Miche itoke Nzega ije ipandwe kwenye njia ya Tabora, kwenye njia ya makaburi ya wazee wake, na yeye yupo hai, ana kitalu, ana mikono! Hakumwambia Majidi hayo. Alimmiminia chai nyingine. Lakini moyoni alijua kwamba siku miche ya Nzega ikipita mbele ya mlango wake juu ya guta, hatakuwa na uso wa kutoka nje, na lile la kumpa mama yake kivuli atalisikia likifanywa na wengine.

Mvua zilipokuwa zinakatika, alikwenda makaburini kama kawaida. Alipofika pale njia inapopinda, pembezoni mwa lami, aliona kitu. Ulikuwa mche wa mzambarau. Wake. Aliujua kwa kiriba chake cheusi cha plastiki, kilichopasuka upande mmoja. Siku ile ya sherehe ulidondoka kwenye guta na hakuna aliyeuokota. Mizizi ilikuwa imetoka kwenye kile kipasuo ikajipenyeza kwenye kokoto. Jua linaupiga kutwa, hakuna wa kuumwagilia, vinyesi vya mbuzi vimeuzunguka pande zote. Na ulikuwa hai.

Ulikuwa mbaya, tusidanganyane. Mfupi, umejikunyata, majani madogo magumu yenye wekundu wekundu. Bi Mwanahawa aliona haya kwamba kitu kile kimetoka kwake. Jani moja lilikuwa na alama ya meno, limeng'atwa likaachwa. Aliinama akalitazama sana. Vinyesi, alama ya meno, na mche umesimama. Ile miche yake mizuri yote iliishia tumboni, halafu hiki kituko kikabaki!

Aliung'oa na kiriba chake na udongo wake, akaubeba hadi kwa Elieth.

Elieth ni afisa misitu, mwanamke kijana aliyehamia mjini si zamani, mtaratibu, asiyependa kusema jambo asilolijua. Alipouona ule mche aliuzungusha mikononi kama mtu anayechagua kitambaa.

"Mama, kwako kuna mingine ya umri huu?"

"Ipo, ile iliyobaki. Njoo uone miche, hiyo si miche."

Walikwenda. Chini ya chandarua, kwenye ubaridi mzuri, mizambarau ilikuwa imesimama imenawiri. Elieth akachuma jani moja kwenye mzambarau ule wa ndani, akachuma jingine kwenye ule wa barabarani, akampa Bi Mwanahawa.

"Tafuna."

"Mimi ni mbuzi?"

"Leo tu, mama."

Alitafuna la kwanza. Lilikuwa laini, lina maji, kama mchicha. Alitafuna la pili. Jamani! Ulimi ulimkaza, mashavu yakaingia ndani, koo likawa kama limepakwa unga mkavu. Alitema, akasukutua, akatema tena. Mzee Nurdini, ambaye kwa bahati alikuwa anapita uani kutafuta uzi, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huo ukakasi ndio dawa yake," Elieth akasema. "Inaitwa tanini. Ndiyo iliyomo kwenye chai ikichemka sana, mpaka inakausha mdomo. Mti hauna miguu ya kumkimbia mbuzi, kwa hiyo unajitengenezea dawa ndani ya jani. Mbuzi akionja, mdomo unamkaza, na akila nyingi tumbo linamvuruga. Anaacha."

"Na yangu ya ndani haina hiyo dawa? Si ni mzambarau uleule?"

"Inayo, lakini kidogo. Dawa hiyo inataka jua ili itengenezwe vizuri. Kivuli kizito kinaipunguza. Na ile mbolea ya kukuzia, na maji bila kikomo, vinaufanya mche utumie kila ulicho nacho kurefuka. Hauweki kitu cha kujilinda. Huu wa barabarani umepigwa na jua, umepata kiu, umekua pole pole, na kila jani umelitia dawa." Halafu akauchunguza tena ule wa barabarani. "Nisikudanganye, mama. Nimeyaona haya kwa miti mingine. Kwa mzambarau naanza kuyaona leo pamoja na wewe. Inabidi tujaribu."

Bi Mwanahawa alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Lililomuumiza si kwamba alikosea, kukosea kila mtu hukosea. Lililomuumiza ni kwamba alichokifanya kibaya ndicho alichokifanya kwa mapenzi. Kila tone la maji na kila jani alilolipangusa, alikuwa anawaandalia mbuzi wa Lugembe mboga.

Lakini si mtu wa kukaa juu ya ndoo siku nzima. Kesho yake, kabla Elieth hajarudi kumweleza la kufanya, alikwisha amua mwenyewe. Alipanda kwenye ngazi akararua nyasi zote, akakunja chandarua chote, akafunga kisima. Mnataka jua? Haya, jua hilo. Mnataka kiu? Nitawaonyesha kiu.

Ilipofika alasiri miche ilikuwa imelala chini kama watu waliopigwa. Majani yamebabuka, vilele vimeinama. Bi Mwanahawa alipiga kelele iliyomtoa Mzee Nurdini kwenye baraza na kanzu ya mtu mkononi, wakabeba maji wote wawili, wakatandika chandarua tena, na Elieth aliwakuta hapo wamelowa kama waliookoka mafuriko.

"Mama, nilisema jua," Elieth alisema, akijizuia kucheka. "Sikusema adhabu."

"Mimi nilijuaje? Hukuniambia kiasi."

"Kweli, sikukwambia. Kosa langu hilo."

Wakaanza upya, kwa adabu. Nyasi hazikurudi, chandarua tu kilibaki, na vilele vilivyobabuka vilikatwa mpaka usawa wa goti. Baadaye chandarua kikafunguliwa asubuhi tu, jua likiwa bado pole, kisha mpaka adhuhuri, kisha kutwa. Maji ya jioni yalikoma. Mbolea ya Usoke ikarudi Usoke, shemeji akashangaa. Viriba vilisogezwa mara kwa mara ili mizizi isijizoeshe kukaa mahali pamoja. Na kila Ijumaa, baada ya sala, Bi Mwanahawa alitafuna jani. Mwanzoni halikuwa na kitu. Kisha siku moja ulimi ulimkaza kidogo tu pembeni, naye akaenda mbio barazani kumwonyesha mumewe, kana kwamba ukakasi unaonekana kwa macho.

Miche ikabadilika. Iliacha kurefuka. Majani mapya yalitoka madogo, mazito, yenye wekundu. Wateja waliokuja waliitazama wakaguna, wakauliza kama anaumwa. Hilo lilimuuma. Kwa hiyo tusimlaumu sana kwa alichofanya: mche mmoja, ule mrefu kuliko yote, mzuri kuliko yote, hakuutoa juani. Aliuhamishia kwenye veranda ya nyuma, penye kivuli, akaendelea kuumwagilia na kuupangusa kwa kitambaa. Aliuita Bi Arusi. Elieth aliuona, akatabasamu.

Msimu wa mvua ulikaribia, na pamoja nao harusi. Najiat, binti wa Bi Zeyana mwenye duka la kanga, aliposwa na kijana wa Usoke, wa familia ya wakulima wa tumbaku, watu wazito wenye nyumba kubwa. Akaletwa kwa Bi Mwanahawa kuwekwa ndani. Alikuwa msichana mpole, anayeomba radhi hata akijikwaa kwenye jiwe.

Siku moja wakati anasingwa, Najiat aliuliza, "Somo, kule nyumba ni ya watu wengi. Mama mkwe akinielemea, nifanyeje?"

Bi Mwanahawa alimjibu jibu alilowajibu wote, miaka yote, bila kuacha kusugua. "Nyamaza, mwanangu. Tabasamu. Fanya unaloambiwa."

"Ndiyo, somo," Najiat akasema.

Mvua ikanyesha, siku ya kupanda ikafika. Watu walikusanyika kwenye njia ya Kwihara, ingawa safari hii hakuna aliyevaa vizuri. Guta likaja, Majidi akafunua turubai, akatazama. Miche ilikuwa imefika mtu gotini tu.

"Mama," alisema taratibu. "Hii imekuwaje? Mwaka jana ilikuwa mizuri ikaliwa. Mwaka huu hata kabla ya kuliwa imekwisha. Mimi nitawaambia nini watu?" Akatoa simu mfukoni. Namba ya Nzega, ilivyoonekana, ilikuwa karibu.

"Weka simu yako, baba," Bi Mwanahawa akasema. "Lugembe yuko wapi?"

Lugembe alikuwa nyuma kabisa, amejibanza, maana hakutaka kuonekana siku hiyo. Alikuja, kama Bi Mwanahawa alivyomwagiza, na beberu mmoja mwenye ndevu, mkubwa, mwenye macho ya dharau, aliyekuwa kinara wa ule ulaji wa mwaka jana. Beberu huyo Lugembe alimpa jina la Mjumbe, kwa sababu, alisema, hakosi mahali penye chakula. Majidi hakulipenda jina hilo lakini watu walilipenda sana.

Bi Mwanahawa akatelemsha mche mmoja kutoka kwenye guta, akauweka chini barabarani. Kisha akaenda kwenye kikapu chake alichokuja nacho kichwani, akatoa mche mwingine, mrefu, mpana majani, unaong'aa. Watu wakanong'ona. Alikuwa Bi Arusi.

Elieth alimsogelea. "Mama, tungeweza kutumia mwingine."

"Mwingine ni upi? Mlaini umebaki huu."

Aliushika kidogo. Aliyapangusa majani mawili ya juu kwa pindo la kanga, kwa mara ya mwisho, akauweka chini kando ya mwenzake, akarudi nyuma.

Lugembe akamwachia Mjumbe kamba.

Mjumbe alitembea bila haraka. Alifika kwanza kwenye mche mfupi, akanusa, akang'ata jani, akatafuna mara moja. Akasimama. Mdomo wa juu ukapanda, meno yakaonekana, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa dawa ya minyoo, na lile jani likadondoka. Akasogea kwa Bi Arusi. Huyo alimla kuanzia kileleni mpaka chini, majani yote, bila kuinua kichwa, kisha akalamba kijiti kilichobaki. Halafu akarudi tena kwenye mche mfupi, maana mbuzi ni mbuzi, akajaribu jani la pili, akalitema, akaenda zake kutafuta magunzi.

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika sokoni. Lugembe alikuwa anampongeza mbuzi wake. Majidi alirudisha simu mfukoni, akachukua jembe, na hotuba hakutoa. Bi Mwanahawa alicheka na wenzake, na alipocheka machozi yakamtoka, na hata yeye hakujua yapi ni ya nini. Alikwenda akaokota kile kijiti, akakitia kikapuni.

Wakapanda. Alipanda na yeye, magoti kwenye tope, mpaka pale njia inapopinda kwenda makaburini. Hapo akabaki na mche mmoja mkononi. Kisha, badala ya kuupanda, akaurudisha kikapuni akashika njia ya nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyesahau moto jikoni.

Najiat alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, mikono imepakwa hina iliyokwisha kukauka. Mama yake, Bi Zeyana, alikuwa pembeni anapanga marashi.

"Vaa buibui," Bi Mwanahawa akasema. "Twende."

Bi Zeyana aliacha chupa. "Mwanahawa, umerukwa na akili, shoga yangu? Mwali unamtoa nje kabla ya siku yake? Na jua hili?"

"Namtoa mimi niliyemweka. Na jua hilo ndilo ninalolitaka."

Bi Zeyana alimfahamu rafiki yake tangu utotoni. Akachukua buibui lake naye akafuata, ili angalau akiona aibu aione yote.

Walimwachia Najiat apande mzambarau wake mwenyewe, pale kwenye kona. Alichimba kwa mikono ya hina, ameinama, jasho linamtoka usoni pale pote liwa ilipopita. Alipomaliza, Bi Mwanahawa alichuma jani moja akampa.

"Tafuna."

Najiat alitafuna, kwa utii. Uso wake mzuri ukajikunja wote, akatema, akasahau hata kuomba radhi.

"Uliniuliza neno, mwanangu, nami nikakujibu vibaya," Bi Mwanahawa akasema. "Nimewajibu wengi hivyo, Mungu anisamehe. Sikiliza. Upole wako ubaki nao, ni mzuri, nimeutunza mwenyewe. Ila wakikuonja, wakute na hiki. Si kingi. Usiwe mchungu mpaka uwashinde. Kidogo tu, cha kumfanya mtu akumbuke kwamba wewe si mboga."

"Nitawaambiaje, somo? Mimi sijui kubisha."

"Sema hapana. Hebu sema hapa."

Najiat alitazama huku na huku. "Hapana," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Tena."

"Hapana."

"Tena, na mama yako akusikie."

"Hapana!" Na Bi Zeyana, aliyekuwa amekunja uso tangu nyumbani, akajikuta anacheka.

Harusi ilipita, nzuri, na Najiat akaenda Usoke. Mizambarau ilibaki njiani. Si yote, maana mmoja ulikanyagwa na pikipiki na mwingine ulifukuliwa na maji ya mvua. Lakini mbuzi walipita asubuhi na jioni, wakaionja, wakaitema. Hata Majidi alianza kuwaeleza wageni habari za tanini kama aliyeigundua yeye.

Msimu wa kuchuma tumbaku ulipofika, simu ya Bi Mwanahawa iliita. Alikuwa kitaluni na kopo la maji.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Somo, jana mama mkwe alikuja kunigongea kabla ya alfajiri. Mawifi wote wamelala. Akasema niende peke yangu nikafunge majani ya tumbaku."

Bi Mwanahawa aliweka kopo chini. "Ukasemaje?"

"Nikasema, hapana, mama. Nitakwenda na wenzangu, tukishakunywa chai."

"Naye?"

"Alinitazama sana, somo. Mpaka nikaanza kuogopa. Halafu akaenda kuinjika chai mwenyewe. Na akawaamsha wote."

Bi Mwanahawa alicheka mpaka ikabidi aketi kwenye ile ndoo yake iliyogeuzwa. Mzee Nurdini alisikia kutoka barazani, akaja na futi ya kitambaa shingoni, akauliza kuna nini kule Usoke.

"Wamemwonja," Bi Mwanahawa akasema, akijifuta macho. "Wamemwonja, wakamtema."